Mbele ya saa, kapita na mudogo ni sawa

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na batoto wenye kuwangojea ku nyumba, leo tunapenda kusema juu ya jambo lenye linaonekana kidogo: namna tunacheza sataranji, ile wengi kwetu wanaita esheki, kisha kazi. Sisi tunaona kama kila meza ya muchezo inapashwa kuwa na saa. Na hakuna lazima ya kuinunua: iko bure ku intaneti, na telefone moja inatosha kwa wachezaji wawili.

Juu ya nini saa? Juu wakati yetu ni mufupi. Mwenye anaingia usiku anapashwa kulala mbele. Lakini ku meza, mukubwa mumoja anaangalia farasi wake dakika 20, watu wane wanangojea zamu, na hakuna mwenye anasubutu kumuambia: "Baba, cheza." Mudogo akichelewa dakika mbili, wote wanamupigia kelele. Pale haiko tena muchezo, ni cheo.

Wengine walipata shida hii mbele yetu. Mu mashindano ya London ya mwaka 1851 hakukuwa saa, na wachezaji walilalamika juu ya wenzao wenye kuchelewa. Mu 1883, palepale London, wakaweka saa mbili zenye kufungwa pamoja: moja ikitembea, ingine inasimama. Mu 1989, Bobby Fischer wa Marekani akapata hati ya saa yenye kuongeza sekunde kila mara mutu anacheza. Ile ya telefone ni mutoto wa hizo.

Kazi yake ni hii. Kila mumoja anapata dakika zake, tuseme 5. Ukisha kusogeza kete, unagusa upande wako kwa mukono uleule. Dakika zako zinasimama, za mwenzako zinatembea. Mwenye dakika zake zinaisha anapoteza, isipokuwa mwenzake hana tena kete za kumufunga mufalme: pale hakuna mushindi. Kwa dakika 5 kila mumoja, muchezo haupite dakika 10. Mu saa moja, michezo sita inaisha. Hata wenye kucheza dame na vifuniko vya chupa wanaweza kuitumia.

Wazee wanasema: akili haikimbizwe. Ni kweli. Basi muweke dakika 30. Saa haisemi mucheze mbio. Inasema tu kama mumepewa sawasawa. Ku kazi, mukubwa anahesabu dakika zetu, na sisi hatuhesabu zake. Ku meza ya esheki, kapita na mwenye aliingia kazi jana wanapata zilezile.

Lakini tupatane mbele ya kuanza. Telefone ilale katikati, wote waione, juu iko na programu zenye kucheza kushinda mutu yeyote. Mwenye telefone asijipe ukubwa. Saa ikisha kufunguka, mujaribu kama inatembea bila rezo, kisha mukate rezo, juu simu ikiingia inavuruga hesabu. Na falanga isiwekwe ku meza: muchezo wa dakika 5 wenye falanga unaweza kumaliza mushahara mbele unga haujanunuliwa.

Mama wengi wamechoka na neno "ninakuja sasa hivi". Mwenye anasema "michezo mbili ya dakika 10 kila mumoja" ameshatoa saa yake ya kurudi: haitapita dakika 40. Na batoto waletwe, wavulana na wabinti, wachunge saa. Mutoto mwenye kuona baba yake anapoteza juu ya dakika, kisha anapana mukono bila kugombana, amepata somo kubwa.

Siku ya mapumuziko, mujaribu muchezo mumoja tu. Mukubwa wa meza ndiye aanze, ili wadogo wasiogope kugusa saa.