Kubana mafaili ya barua pepe: Nani analinda orodha za wakulima?

KATIKA tambarare ya Lower Moshi, kusini mwa mji wa Moshi, maji yashukayo kutoka Kilimanjaro hugawanywa kwa mifereji iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Chekereni ni miongoni mwa vijiji vinavyoishi kwa mpunga wa skimu hiyo, na hapo ndipo kilipo pia chuo cha mafunzo ya kilimo cha KATC.

Skimu ya aina hii haizalishi mpunga peke yake. Huzalisha pia nyaraka: orodha za wakulima, ratiba za zamu ya maji, ramani za mifereji na picha za mabanio yaliyoharibika. Nyaraka hizo hupaswa kufika wilayani, mkoani na hata wizarani, na mara nyingi husafiri kwa barua pepe zikiwa zimefungashwa pamoja katika faili moja lililobanwa, maarufu kama 'zip'.

Mtindo huo ulizaliwa na shida. Kabla ya mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, ofisi nyingi za mikoani zilitegemea laini ya simu au dishi la setilaiti. Kwa laini ya simu, megabaiti moja ilichukua zaidi ya dakika mbili hata pale mawasiliano yalipokuwa mazuri.

Programu ya kubana hutafuta maneno yanayojirudia, ikayaandika mara moja, kisha kwingine ikaweka alama tu ya kurejea pale pa kwanza. Ndiyo maana orodha yenye neno 'Chekereni' katika kila mstari hupungua sana. Picha ya simu haipungui, kwa kuwa imekwisha kubanwa na kamera. Hata nyaraka za Word na Excel za tangu toleo la 2007 tayari ni zip kwa ndani.

Ikumbukwe pia kwamba kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kinaposafirishwa, na uzito wake huongezeka kwa takriban theluthi moja. Kwa huduma zenye kikomo cha megabaiti 25, kama Gmail, faili linalokaribia kikomo hicho huweza kukataliwa njiani.

Kwa hiyo faida kubwa iliyobaki ni kufungasha mafaili mengi kwa pamoja. Lakini mzigo uliofungwa hauonyeshi kilichomo, na wahalifu walilitambua hilo mapema. Januari 2004 kirusi cha MyDoom kilienea duniani kwa barua pepe, mara nyingi kikiwa ndani ya zip. Mwaka huo huo kirusi cha Bagle kilikuja na zip yenye neno la siri, na neno lenyewe likiwa limeandikwa katika barua hiyo hiyo, ili programu za ulinzi zishindwe kuifungua lakini mpokeaji aweze.

Hatari ya pili inamgusa mkulima moja kwa moja. Tangu Serikali ilipoanza tena kutoa ruzuku ya mbolea mwaka 2022, kusajiliwa kumekuwa mlango wa kupata mbolea kwa bei nafuu. Orodha yenye jina, namba ya simu na ukubwa wa shamba ni mali kwa tapeli.

Watanzania wanaujua vyema ujumbe wa 'ile pesa tuma kwenye namba hii'. Wengi huupuuza kwa sababu hutoka kwa mtu asiyewajua. Je, ujumbe huo ukimtaja mkulima kwa jina, pamoja na ekari zake na msimu wa mbolea, ni wangapi wataupuuza?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Mkulima aliyetoa namba yake hana namna ya kujua imetumwa wapi, hivyo wajibu huo ni wa ofisi iliyoichukua.

Ni kweli kwamba ofisa ugani mwenye simu moja na kifurushi kidogo cha intaneti hawezi kubebeshwa taratibu ngumu. Hata hivyo, yapo mambo yasiyo na gharama. Orodha yenye majina ifungwe kwa neno la siri, na neno hilo litajwe kwa simu, wala si katika barua ile ile. Jina la faili lisitoboe siri, kwani katika zip ya kawaida huonekana hata bila neno la siri. Namba zisizohitajika ziondolewe kabla ya kutuma. Na zip isiyotarajiwa isifunguliwe kabla ya kumpigia aliyeituma.

Viongozi wa wilaya na mikoa wanaodai taarifa hizo kila msimu ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kuweka utaratibu huo kwa maandishi. Wakisubiri mpaka wakulima watapeliwe, orodha iliyokwisha kusambaa haitarudishwa na mtu yeyote.