Ukuta Nao Wataka Kupumua

Siku hizi katika miji yetu ya pwani imezuka desturi ya kubandika kutani karatasi za plastiki zenye maua au sura ya marumaru. Sina ugomvi na pambo. Nyumba nadhifu ni sitara na heshima ya wenyewe. Ninalouliza ni hili: karatasi hizo zabandikwa juu ya ukuta gani?

Nyumba za kale za Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa jua liwakapo. Ukiufunika kwa plastiki au rangi ya mafuta, unyevu hukosa njia. Chumvi huipasua chokaa, kuvu huota kwa nyuma, na mwisho karatasi na chokaa huanguka pamoja.

Kwa maoni yangu, chumba cha zidaka kipakwe chokaa, basi. Mwenye nyumba mpya ya matofali ya simiti, ukuta ukisha kukauka barabara, naabandike sebuleni na chumbani apendavyo. Ya plastiki hupangusika. Ya karatasi tupu haistahimili maji. Jikoni na chooni atie vigae.

Fundi wa chokaa huishi kwa kazi. Tukimwacha akae bure kwa ajili ya pambo la msimu mmoja, kesho ni nani atakayeziba nyufa za nyumba tulizorithi?