Sare ya Sikukuu Haimtambulishi Mtu

Idi au Krismasi ikikaribia, mafundi cherehani wa Handeni na Korogwe huzidiwa na kazi, na imani moja ya zamani huanza kusikika tena: nguo ya sikukuu ndiyo mtu mwenyewe. Aliyetokelezea amejieleza, aliyekuja na kanga ya kila siku hajui yeye ni nani. Imani hiyo ni potofu, tena inaumiza watu.

Itazamwe sare. Kitenge cha harusi au cha Machi 8, Siku ya Wanawake, huchaguliwa na kamati, na mvaaji hutoa hela, hata kwa kukopa. Akikivaa, watu wanajua ni shangazi wa bwana harusi au mwanakikundi. Hilo ni jambo la heshima, ila yaliyo moyoni mwake hayamo kwenye mshono.

Mkoa wa Tanga, zilimo Handeni na Korogwe, uliyaona haya zamani katika beni, ngoma iliyotoka pwani ya Kenya miaka ya 1890 na ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Wanachama wa vyama vya beni vya Marini na Arinoti walivaa sare za kijeshi, wakapeana vyeo vya maofisa wa Kizungu, wakashindana kwa gwaride na karamu. Kibarua aliyevaa nishani hakudai kwamba ndani yake amejificha jenerali. Alitangaza chama chake, na chama hicho ndicho kilichomfaa kwenye shida na mazishi.

Wakubwa serikalini nao waliwahi kumpima mtu kwa nguo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamasai walishinikizwa kuacha mavazi yao. Januari 1969 ikaanza Operesheni Vijana ya vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Dar es Salaam wasichana walikuwa wameshashambuliwa hadharani kabla hata ya tarehe hiyo.

Leo shuka ya Kimasai huvishwa wageni rasmi kwenye sherehe! Lakini tangu Juni 2022, familia za Kimasai kutoka Ngorongoro zilipoanza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni, ubishi umekuwa juu ya ardhi, malisho na haki ya kubaki. Hakuna aliyegombea shuka.

Kwa hiyo kamati za sherehe, Korogwe na Handeni, ziache kumweka nyuma mama aliyekosa hela ya kitenge. Apewe kiti pamoja na ndugu zake, na apigwe picha nao.