Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: tuuzieni silva na dhahabu kwa gramu

Gavana,
Benki Kuu ya Tanzania,
Dodoma.

Ndugu Gavana,

YAH: OMBI LA WANANCHI KUUZIWA SARAFU NA VIPANDE VIDOGO VYA SILVA NA DHAHABU

Barua hii inatoka Mukendo, Musoma mjini. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wauza dagaa, vitenge, mitumba na chakula. Naandika hadharani kwa sababu ninachokiomba hakituhusu sisi peke yetu, na ningependa wengine wakisome, wakiunge mkono au wakipinge kwa hoja.

Ombi lenyewe ni fupi. Benki Kuu inanunua dhahabu inayochimbwa nchini na kuiweka akiba. Tunaomba ituuzie na sisi wananchi vipande na sarafu za dhahabu, na hasa za madini ya fedha, silva kama wanavyosema masonara. Viwe vidogo, viwe na muhuri wa Benki, uzito na ubora wake viandikwe juu yake, na Benki iwe tayari kuvinunua tena siku mwenyewe atakapotaka pesa yake.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mchimbaji na mfanyabiashara wa madini anayeuza dhahabu nje ya nchi anatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe hapa nyumbani na iuzwe kwenu, kwa mujibu wa kifungu cha 59 cha Sheria ya Madini. Anayewauzia ninyi analipa mrabaha wa asilimia 4 badala ya 6, na ada ya ukaguzi anasamehewa. Mlifanya vizuri. Dhahabu iliyo ndani ya stoo ya Benki haishushwi thamani na uamuzi wa serikali ya nchi nyingine. Sasa, kama busara hiyo inaifaa akiba ya Taifa, tunauliza kwa nini isiifae akiba ya muuza dagaa wa Mwigobero hapa Musoma.

Benki Kuu ilipofungua milango Juni 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi 7 na senti 14. Oktoba 2025 ilikuwa kama shilingi 2,450. Sisemi haya kuilaumu Benki. Katikati hapo pamepita vita vya Kagera, mafuta kupanda bei, na mageuzi ya miaka ya 1980 ambayo wazazi wetu wanayakumbuka kwa foleni za sukari. Lakini aliyefukia noti miaka ile amebaki na karatasi, na aliyenunua ng'ombe amebaki na zizi, kama wezi wa mifugo na maradhi havikumfikia. Hapa Mara ng'ombe ndiye benki yetu ya zamani. Ni benki nzuri, ila inataka malisho na mlinzi, na mama anayepanga chumba kimoja mjini hana pa kumfunga ng'ombe.

Mkoa wetu umekalia dhahabu. Kuna North Mara kule Nyamongo wilayani Tarime. Kuna Buhemba na Kiabakari upande wa Butiama, palipochimbwa tangu enzi za mkoloni, na kuna wachimbaji wadogo katika wilaya karibu zote. Mchimbaji mdogo anasaga mawe yake kwenye karasha, anachenjua kwa zebaki, anachoma, anabaki na punje anayoihesabu kwa gramu na pointi. Akiifikisha soko la madini inayeyushwa, inawekwa kwenye mashine, ubora unasomeka naye anaona kwa macho yake, kisha analipwa. Masoko haya yaliyoanza mwaka 2019 yamemtoa mchimbaji mikononi mwa mnunuzi wa vichochoroni aliyekuwa akimpimia kwa mizani aliyoichezea.

Mimi nisiye na leseni, nikikutwa na punje ile mkobani ni kosa la jinai. Sheria hiyo naielewa na naiunga mkono, kwa kuwa bila hiyo dhahabu yote ingevuka mpaka usiku. Ila matokeo yake ni kwamba sisi tunaoishi juu ya madini haya hatuna njia halali ya kuyaweka akiba isipokuwa kununua cheni au pete kwa sonara.

Na pete si akiba nzuri. Nimekaa mara nyingi kwenye benchi la sonara nikimwangalia akifanya kazi. Anaisugua pete juu ya jiwe jeusi mpaka iache mstari, anadondosha tindikali juu ya mstari ule, kisha anatazama unavyofifia ndipo akwambie ni karati ngapi. Ni fundi hodari na ni mkweli. Lakini ukinunua kwake unalipia madini pamoja na ufundi, na siku ukirudi kuuza ufundi haulipwi tena. Sonara hana kosa, yeye kazi yake ni kutupamba.

Pengo hilo linajazwa na matapeli. Hivi karibuni mwenzetu mmoja aliletewa kipande cheupe kinachong'aa, kimefungwa ndani ya plastiki ngumu, kimeandikwa 999 na gramu 100. Aliyekileta alisema ni silva safi kutoka Dubai na bei ilikuwa chee. Tulimshauri asitoe pesa kwanza. Tukakipeleka kwa sonara, naye hata hakugusa chupa ya tindikali. Alikitoa kwenye plastiki, akakiweka kwenye mizani, ikasoma gramu 81. Akachukua tupa, akakwangua ukingoni, na chini ya weupe ule ikatokea shaba ya njano. Alitueleza kwamba silva ni nzito kuliko shaba, kwa hiyo kipande cha shaba chenye ukubwa uleule hakiwezi kufikia uzito ulioandikwa. Mwenzetu aliokoa pesa zake kwa sababu alikuwa na kikundi cha kumuuliza. Wangapi mjini hapa hawana?

Nimesema hasa silva, na nieleze kwa nini. Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa aunsi moja ya troi, ambayo ni gramu 31.1. Kwa shilingi zetu, gramu moja ilikuwa zaidi ya 300,000. Mama wa kikoba chetu anayeweka hisa zake kila wiki hawezi kuigusa gramu hiyo mpaka mwaka uishe, na mwaka ukiisha kuna ada za shule. Mwezi uleule silva ilivuka dola 50 kwa aunsi, yaani kama shilingi 4,000 kwa gramu. Kipande cha gramu 10 kingekuwa kama 40,000 kabla ya gharama za kukitengeneza. Hiyo ni pesa ambayo muuza dagaa anaweza kuitenga kwenye mwezi mzuri wa giza, mitumbwi inaporudi imejaa.

Na silva hiyo tunayo. Dhahabu haitoki ardhini ikiwa safi. Ndani yake mna silva, na kazi mojawapo ya kiwanda cha kusafisha ni kuvitenganisha. Mjadala wa makinikia wa mwaka 2017 ulituonyesha sote kwamba ndani ya kontena la mchanga mna dhahabu, shaba na silva pamoja. Leo viwanda vya kusafisha dhahabu vipo Geita, Dodoma na Mwanza. Hicho cha Mwanza, ambacho STAMICO, shirika la madini la Serikali, ina hisa zake, Rais Samia alikizindua Juni 2021. Mchimbaji mdogo analipwa dhahabu yake, lakini silva iliyomo haimpi pesa ya kuonekana. Ingekusanywa, ikasafishwa, ikafuliwa kuwa sarafu ya Tanzania, ingebaki mikononi mwa Watanzania.

Jambo hili si geni kwenye ardhi yetu. Karne ya 19 biashara ya pwani ilikwenda kwa riale ya silva yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Wajerumani walileta rupia ya silva mwaka 1890. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921 ilikuwa robo silva. Na mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita, karakana ya reli ya Tabora ilifua sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, zikiwa na picha ya tembo. Zilifuliwa vitani, kwenye karakana ya treni! Leo tuna amani, viwanda na wahandisi wetu wenyewe.

Kuna nyingine inayonigusa zaidi. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za kumbukumbu za uhifadhi wa wanyamapori: twiga kwenye sarafu ya silva ya shilingi 25, kifaru kwenye sarafu ya silva ya shilingi 50, na duma kwenye ya dhahabu ya shilingi 1,500. Upande wa pili ni sura ya Mwalimu Nyerere. Wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani wanazo kwenye makabati yao na wanauziana mpaka leo. Huku Mara alikozaliwa Mwalimu, kutoka hapa hadi Butiama ni mwendo mfupi tu kwa basi, sijakutana na mtu mwenye hata moja. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Safari hii tunaomba zitengenezwe kwa ajili yetu.

Nchi nyingine za Afrika zimetangulia. Afrika Kusini inauza Krugerrand tangu 1967. Zimbabwe ilianza kuuza sarafu ya dhahabu ya Mosi-oa-Tunya Julai 2022, aunsi nzima, na mwananchi wa kawaida akabaki kutazama. Novemba mwaka huohuo ikabidi watoe za nusu, robo na sehemu ya kumi ya aunsi. Benki ya Ghana nayo mwaka 2024 ilitoa sarafu yake ya dhahabu kwa ukubwa wa aunsi moja, nusu na robo, ikauzwa kupitia benki za biashara. Tukianza, tuanzie chini walikoishia Zimbabwe, na tushuke zaidi.

Najua wataalamu wenu watapinga, na baadhi ya pingamizi zao ni za kweli. Silva inayumba. Januari 1980 ilifika karibu dola 50 kwa aunsi, na kabla Machi haijaisha ilikuwa chini ya dola 11. Aprili 2011 ikakaribia 50 tena, na mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 14. Aliyenunua kileleni alisubiri miaka. Tena madini hayazai riba, wakati hatifungani ya Serikali, ambayo kwa shilingi milioni moja unaipata kwenu, inalipa kila miezi sita. Yote haya yaandikwe kwenye karatasi atakayopewa kila mnunuzi, kwa Kiswahili cha kueleweka, na asome kabla ya kutoa pesa. Hatuombi utajiri. Tunaomba sehemu ndogo ya akiba iwe kwenye kitu ambacho moto wa soko hauwezi kukigeuza jivu na ambacho hakioti kutu. Wapo pia wenzetu Waislamu wanaoikwepa riba ya hatifungani. Kwao dhahabu na silva ni akiba wanayoijua, na zaka yake wanajua kuihesabu.

Kuna watakaosema tutaikimbia shilingi. Machi 2025 zilitoka kanuni za kuzuia bidhaa na huduma kulipwa kwa fedha za kigeni hapa nchini, nasi tumetii. Mtu mwenye hofu na thamani ya akiba yake atatafuta pa kuikimbizia tu. Ni heri aikimbizie kwenye madini ya Tanzania yaliyonunuliwa kwa shilingi, dirishani kwenu, kuliko kwenye noti za dola chini ya godoro.

Suala la kodi naliomba kwa msisitizo. Uingereza na Ujerumani dhahabu ya uwekezaji haitozwi VAT, lakini silva inatozwa, asilimia 20 kwa Uingereza na 19 kwa Ujerumani. Maana yake mwenye pesa nyingi anaweka akiba bila kodi, na mwenye pesa kidogo analipa ndipo aweke. Hapa kwetu asilimia 18 ikipakiwa juu ya kipande cha gramu 10, mama atakuwa amepata hasara kabla hajafika nyumbani. Tafadhali kaeni na Wizara ya Fedha mlimalize hilo mapema. Na tofauti kati ya bei mnayouzia na bei mnayonunulia ibandikwe ukutani kila asubuhi, iwe ndogo, iwe moja kwa wote, awe amevaa suti au kanga.

Hatuhitaji mpango mkubwa kwa kuanzia. Tawi lenu la Mwanza lipo, na kiwanda cha kusafisha kipo mjini humohumo. Anzeni na silva ya gramu 10 na gramu 31.1, na dhahabu ya gramu moja. Ziuzwe Mwanza, kisha kupitia benki za biashara zilizopo hapa Barabara ya Mukendo. Anayeogopa wezi apewe hati na kipande chake kikae benki. Muuze kwa mwaka mmoja, muone wangapi watanunua, wangapi watarudisha, na kwa sababu gani.

Ndugu Gavana, kikoba chetu hugawana mwisho wa mwaka, na swali la kila mmoja huwa ni pesa iwekwe wapi. Tunaomba jibu lenu kwa maandishi, hata kama ni la kukataa, ili tujue sababu na tujue pa kupeleka hoja yetu baada ya hapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mweka hazina wa kikoba,
Mukendo, Musoma.