Kadi za pointi za safari: Hesabu ya Kasulu na Kibondo inasemaje?

Siku hizi ukifungua YouTube hukosi kijana wa Marekani anayekwambia amepanda ndege bure kwa pointi za kadi yake ya mkopo. Video hizo hazijui mpaka. Mwalimu wa Kasulu anaziona, muuguzi wa Kibondo anaziona, na swali ni lilelile: na mimi naweza?

Jibu fupi: wachache wanaweza. Kwa wengi, kadi hiyo itakula zaidi ya inavyolisha. Sababu zipo tatu: aina ya kadi, mahali pa kuitumia, na ndege yenyewe.

Uliyonayo mfukoni siyo hiyo

TemboCard ya CRDB au Mastercard ya NMB ambayo wengi wanatembea nayo inakata hela yako mwenyewe. Nembo ya Visa au Mastercard haimaanishi kwamba benki inakukopesha.

Kadi ya mkopo ni kitu kingine. Benki inalipa kwanza, wewe unarudisha baadaye. Ukirudisha zote ndani ya muda uliopewa, hutozwi riba. Ukichelewa, riba inaanza kutembea.

Ndiyo maana benki haigawi kadi hii kama laini ya simu. Inaangalia mshahara unaopitia kwake, au inataka akiba yako ishikiliwe kama dhamana. Kwa Kigoma ya juu, wanaokaribia hapo ni watumishi wa serikali, wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi, na wafanyabiashara wakubwa. Mkulima wa maharage anayepata hela kwa msimu, hata kama ni nyingi, mlango wake ni mwembamba.

Pointi zinatoka wapi?

Hakuna benki inayotoa zawadi kwa mapenzi. Kila unapochanja kadi, mwenye duka anakatwa asilimia fulani. Sehemu ya makato hayo ndiyo inayorudi kwako kama pointi. Sehemu nyingine inatoka kwa wateja wanaochelewa kulipa na kutozwa riba.

Umoja wa Ulaya ulipoweka ukomo mwaka 2015, kwamba benki iliyotoa kadi ya mkopo isichukue zaidi ya asilimia 0.3 ya muamala, zawadi nyingi za kadi huko zilipungua. Marekani, ambako makato ni makubwa zaidi, pointi bado zinamwagika.

Sasa geukia sokoni Kasulu. Dukani unakuta Lipa Namba imebandikwa ukutani. Mashine ya kuchanjia kadi ni ya kutafuta. Pasipo mashine hakuna makato ya kadi, na pasipo makato hakuna pointi. Ukienda ATM kutoa hela kwa kadi ya mkopo ndiyo umeharibu kabisa: kwa kawaida unatozwa ada papo hapo, riba inaanza siku hiyohiyo, na pointi hupati.

Tupige hesabu

Chukua mfano. Tuseme unachanja shilingi 500,000 kila mwezi, na kadi inakurudishia asilimia 1. Hiyo ni 5,000 kwa mwezi, au 60,000 kwa mwaka. Kama ada ya kadi ni 100,000 kwa mwaka, umeshapoteza 40,000 kabla hujaona uwanja wa ndege.

Tuseme mwezi mmoja mambo yamebana, ukashindwa kulipa zile 500,000. Riba ikiwa asilimia 3 kwa mwezi, unadaiwa 15,000 juu yake. Pointi za miezi mitatu zimeondoka kwa mwezi mmoja.

Viwango halisi vitatofautiana kati ya benki na benki, ila mwelekeo ni huo: pointi zinahesabiwa kwa asilimia moja moja, riba inakimbia.

Ndege iko Kigoma mjini

Kutoka Kasulu hadi uwanja wa ndege wa Kigoma ni kama kilomita 90 na ushee. Kutoka Kibondo ni zaidi ya 200. Safari nyingi za watu wa huku ni za basi, na lami ya Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi imefanya basi liwe jibu la kawaida zaidi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wapo wanaoshuka basi pale na kumalizia kwa reli hadi Dar es Salaam.

Tiketi hizo, ziwe za basi au SGR, unaweza kuzilipia kwa simu. Pointi za ndege hazikusaidii hapo.

Anayepanda ndege kweli, mara tatu nne kwa mwaka kwa kazi, aanze na kitu cha bure: programu ya wasafiri ya shirika lenyewe. Air Tanzania ina Twiga Miles, Kenya Airways ina Asante Rewards. Unajiunga bila kadi ya mkopo, na safari ukilipiwa na mwajiri, uliza kama maili zinaingia kwa jina lako.

Kipimo kipo kwenye simu yako

Kabla hujaomba kadi, jiangalie unavyotumia Songesha ya M-Pesa au huduma zinazofanana nayo. Salio likipungua inakujazia, kisha inakukata na ada. Huo nao ni mkopo, tena mkopo usio na pointi. Kama kila mwisho wa mwezi hela ikiingia inamezwa na deni la simu, kadi itakupa kamba ndefu zaidi ya kujifunga.

Na usikimbilie programu za mkopo za mtandaoni kuziba deni la kadi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Ukiwa bado unaitaka

Uliza tawini maswali haya, na majibu uyapate kwa maandishi:

- Ada ya mwaka ni kiasi gani?
- Riba kwa mwezi ni asilimia ngapi, na inaanza siku ya ngapi?
- Pointi 1,000 ni sawa na shilingi ngapi?
- Pointi zinakufa baada ya muda gani?
- Nikilipa kwa dola, mnanikata ngapi ya kubadilisha?

Afisa akikwepa swali la tatu, jibu umeshapata. Kadi inamfaa anayelipa deni lote kila mwezi, anayechanja mahali penye mashine, na anayesafiri kwa ndege hata kama kadi isingekuwepo. Kama moja kati ya hayo matatu huna, nauli yako iweke kidogo kidogo kwenye akiba. Akiba haina riba ya kukukimbiza.