Waranti Kwanza, Nguvu Baadaye

Tangu tulipogusia pikipiki kwenye podikasti, swali linalorudi ni hili: nimpe fundi gani anitunie injini, na waranti bado ipo? Wengi mnataka jina la gereji. Mimi nnaona jina si muhimu kama karatasi.

Hebu tuanze na jibu ambalo kila kijana hapa Muscat analo mdomoni: wakala hawezi kukufutia waranti mpaka athibitishe kifaa ulichoweka ndicho kilichoharibu. Sawa, lakini hiyo ni sheria ya Marekani, Magnuson-Moss ya 1975. Mwaka 2022 FTC ya huko iliibana Harley-Davidson kwa kuwaambia wateja kwamba vifaa visivyo vyake vinaondoa waranti. Kule imewafaa. Huku Oman unakwenda na sheria ya kumlinda mtumiaji, Amri ya Kifalme 66/2014, na unashitaki kwenye mamlaka yetu wenyewe. Ukifika pale video ulizoangalia hazikusaidii, kinachosaidia ni risiti na ile karatasi ya waranti tuliyoitia kwenye droo bila kuisoma. (Kiswahili cha nyumbani, Kiarabu cha skuli, na bado hatusomi.)

Sasa injini yenyewe. Ukiweka filta na ekzosi zinazopitisha hewa nyingi, mafuta yakabaki yaleyale, injini inachemka kupita kiasi. Kwenye baridi ya Ulaya pengine itastahamili. Jaribu hapa mwezi wa sita, nyuzi 45, kwenye foleni ya Sultan Qaboos Street, uone. Kwa hiyo fundi inabidi abadilishe programu ya kompyuta ya injini, na hapo ndo waranti inapoponyoka, mana'ake kwa pikipiki nyingi wakala akichomeka mashine yake anaona programu si ya kiwandani. Wengine wanairudisha ile ya zamani kabla ya sevisi, ati ujanja. Mara nyingi alama inabaki.

Mimi ningeanza kwa wakala, hata kama ni ghali. Harley, kwa mfano, wanauza vifaa vyao wenyewe vya kuongeza nguvu. Muulize: ukinifungia wewe, waranti inabaki? Akisema ndiyo, aandike kwenye risiti na apige muhuri. "Hapana shida, habibi" si waranti.

Ukipenda gereji ya Wadi Kabir au Ghala, na wallahi wapo mafundi kule wenye mikono, mtake akupe nakala ya programu ya asili kabla hajagusa kitu. Apime mbele yako, kabla na baada. Aandike ametunia petroli ya 91 au ya 95. Yule anayekuahidi farasi kumi zaidi na pikipiki hata hajaiwasha, muage kwa heshima.

Na ROP je? Kubadilisha injini bila ruhusa yao ni kosa peke yake, waranti iwe hai au imekufa. Gereji nzuri itakuuliza habari ya ruhusa kabla hujaitaja wewe.

Yangu imebakisha miezi minane. Filta ya kiwandani, ekzosi ya kiwandani. Tukipanda mlima wa Amerat wenzangu wananiacha nyuma, wakifika juu wananicheka, nami nacheka nao.