Mkaa Ukutani

Mtoto akichora jahazi ukutani kwa kipande cha mkaa, la kwanza analolipata katika nyumba zetu nyingi ni ukemi, la pili ni kofi, na la tatu ni kuambiwa kwamba kuchora ni haramu. Na ukemi sibishani nao, chokaa ni ghali. Lakini hilo la tatu nataka tulizungumze, wasomaji wangu, maana naona limewafungia watoto wetu mlango wa riziki.

Mimi si mwanachuoni, ila chuoni nimekaa. Naijua khitilafu iliyopo juu ya picha za viumbe wenye roho, wala sitaki kuiamua gazetini. Lakini wengi huyakumbuka makatazo wakaisahau ile hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas akamweleza kwamba maisha yake yategemea kazi ya mikono yake, nayo ni kufanya picha. Ibn Abbas alimpa onyo alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), yule bwana rangi ikamgeuka. Kisha akamwambia kwamba ikiwa hana budi, basi na achore miti na kila kisicho na roho. Hakumwambia auvunje mkono wake.

Na visivyo na roho, pwani hii, ni vingapi! Katika karne ya 18 na ya 19, mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu kwa mkono wakaipamba kurasa zake kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, mafundo na maua yakizunguka maandishi. Wachongaji wa milango ya Lamu nao huanza kwa kuchora ubaoni kabla patasi haijagusa mti. Sisi wenyewe tulipewa ubao, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi tungali wadogo, tukafunzwa kuuvuta mkia wa nun mpaka ukae sawa. Mkono uliofunzwa hivyo umekwisha kuanza safari, ila twaukatiza njiani.

Khasara yake mwaiona vitabuni. Nimekutana na kitabu cha watoto, sikitaji jina, jahazi limetiwa tanga la mraba kana kwamba ni mtepe, na kofia ya vito imekaa kichwani kama sufuria. Aliyechora simlaumu sana; yeye kaagizwa achore asichokiona. Walaumiwe wenye kukiona kila asubuhi ambao hawakuachwa washike kalamu.

Wengine huuliza, je, kuchora ni kazi? Marehemu Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa Juha Kalulu wake miaka na miaka. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliacha masomo ya usanifu wa majengo akajiunga na gazeti la Nation mwaka 1992, na viongozi wakawa wakifungua ukurasa wake kwa wasiwasi. Hao wamechora watu, na mwenye kujizuia na hilo ana haki yake. Lakini vitabu vya jiografia vyataka ramani, vya sayansi vyataka jani lililopasuliwa na mtambo wa maji, na majalada ya vitabu vyetu vya dini yataka khati na nakshi. Zote hizo hulipiwa.

Kazi yenyewe yataka subira. Mchapishaji huleta maneno. Mchoraji huchora kwa penseli, mhariri hurudisha, mlingoti mfupi, mlango mpana, huchorwa tena, ndipo wino au kompyuta. Asiyezoea kurudishiwa kazi hatadumu, na aliyesahihishiwa ubao chuoni kila siku amezoea.

Liko jambo moja la kuangalia zaidi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, picha iliyoagizwa na kulipiwa, haki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila kama mmeandikiana vingine. Kwa hivyo kitabu chaweza kuchapwa mara kumi, na mchoraji akawa alilipwa mara moja tu. Basi wewe mzazi, mwanao akiletewa karatasi hiyo, kaa naye muisome neno kwa neno kabla hajatia sahihi.